Wazazi wenzangu wa Lamu na Malindi: mtu tusiyemjua anamwandikia mwanangu usiku. Nimpokonye simu?

MamaVibibi_Langoni | Jumatatu, saa 4:12 usiku

Asalaam alaykum. Siku 3 nazunguka na jambo hili moyoni, maana tumelelewa kwamba ya nyumbani hayapelekwi barazani. Lakini limenizidi, na baba watoto yuko mbali, kwa hivyo nalileta kwenu.

Nina watoto 2. Binti ana miaka 14, mdogo wake wa kiume ana miaka 11, yuko gredi ya 6. Baba yao ni mvuvi, sasa yuko Kiwayu kwa kamba, na akitoka harudi chini ya wiki 2. Mimi napika vibibi na mahamri. Naamka saa 10 alfajiri, na wateja wangu wengi ni wale wanaowahi boti za Mokowe.

Mwaka jana baba yao alipata simu nyingine, ile ya zamani akampa kijana. Hatukumpa kwa kumdekeza. Mwalimu wa darasa hutuma kazi za nyumbani kwenye kikundi cha WhatsApp, na ustadh wake wa chuo cha Qur'ani alitwambia kijana awe anasikiliza kisomo kila siku ili makharija yake, yaani matamshi ya herufi, yakae sawa. Anahifadhi juzuu ya Tabaraka. Basi usiku nikipita mlangoni pake nasikia sauti ya msomaji, na moyo wangu unatulia. Nasema mwanangu yuko na Qur'ani, nami naenda kulala.

Ijumaa alfajiri stima ilipotea. Rojo la vibibi nilikuwa nimelilaza tangu usiku, nikataka kulitazama kama limeumuka, na simu yangu ilikuwa imezima chaji. Nikaingia kwa kijana polepole kuchukua yake niwashe tochi. Niliikuta chini ya mto, ina moto kama kitu kilichoanikwa juani. Nilipoigusa kioo kikawaka, na juu yake pana maneno: "Umelala? Ile picha nyingine bado. Usimwonyeshe mamako."

Tochi sikuiwasha. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi pale jikoni, gizani, nikasoma yote tangu mwanzo.

Ni namba isiyo na jina, ina picha ya simba. Ujumbe unarudi nyuma miezi 2. Walikutana ndani ya mchezo wa bunduki ambao mwanangu na wenzake wa mtaani wanaucheza kwa makundi. Mtu huyo aliingia kwenye kundi lao, akawa anamlinda asiuawe, kisha akaanza kumpa almasi. Mimi sikujua almasi ni nini. Kumbe ndizo pesa za ndani ya mchezo, zinanunuliwa kwa shilingi za kweli, na watoto wanazitaka ili wamvalishe mchezaji wao nguo na kumpa bunduki za rangi. Akishampa, akaomba namba ya WhatsApp. Mwanangu akampa, laini ya zamani ya baba yake.

Halafu maswali, moja leo, moja kesho. Una miaka mingapi. Uko darasa gani. Unalala chumba kimoja na nani. Baba yuko wapi. Na hapo nikaliona jibu la mwanangu, na tangu siku ile halinitoki: "Baba yuko bahari mama hulala mapema."

Picha aliyotuma ni moja. Amesimama kwenye ukuta wa pwani, amevaa sare ya shule na beji inasomeka. Ile "nyingine" aliyoombwa ni ya bila shati. Hiyo hakutuma, nimetazama kila mahali.

Sikumwamsha. Nilipika kwa sababu watu wanangoja, vibibi vya kwanza vikaungua, nikavimwaga. Nilimuuliza baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ya chini, mlango nimeurudisha. Alianza kulia sijamaliza hata swali la kwanza. Na neno la kwanza lililomtoka halikuwa "sikufanya" wala "nisamehe". Alisema, "Mama usinichukulie simu."

Baba yake nilimpata kwa taabu, mtandao wa kule unakatika. Akasema itupe baharini. Mama mkwe anasema fimbo. Dada yangu aliye Malindi anasema zimeni wai-fai, lakini sisi wai-fai hatuna. Watoto wa mtaa wanakaa nje ya ukuta wa hoteli moja ambayo paswadi yake wote wanaijua, wanashusha wanachotaka, wanarudi nyumbani nacho.

Nauliza. Nikimpokonya ndiyo nimemaliza? Na kama simu inaweza kuwekewa mipaka, inawekwaje? Najua kutuma pesa, najua WhatsApp, najua kuweka picha za mahamri yangu Facebook. Zaidi ya hapo sijui. Tafadhalini mniandikie kwa Kiswahili cha kueleweka, nitasoma kila neno.

---

Mwalimu_Hindi | Jumatatu, saa 4:50 usiku

Wa alaykum salaam mama. Pole sana. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Hindi, upande wa bara wa Lamu. Nitaanza na la haraka, mengine yatafuata.

Usifute chochote. Usimjibu mtu huyo wala usimtukane, kwa sababu akishtuka atafuta ujumbe wa upande wake na namba itapotea. Piga picha za skrini za mazungumzo yote, namba nzima ionekane, na tarehe zionekane. Ingia na ndani ya mchezo upige picha ya jina analotumia pamoja na ile namba ndefu ya mchezaji. Jina analibadilisha akitaka, ile namba inabaki. Picha zihamishie kwenye simu yako. Ukishamaliza ndipo umzuie.

Kesho asubuhi piga 116. Ni namba ya Childline Kenya, bure, usiku na mchana. Watakuelekeza, na pia una haki ya kwenda kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia la polisi. Usikubali mtu akuambie ni mambo ya mchezo tu. Sheria ya Watoto ya 2022 imetaja wazi unyanyasaji wa mtoto kupitia mtandao, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwanao hana kosa la kujibu. Aliyeomba picha ndiye mwenye kosa.

La tatu, kamuone mwalimu mkuu. Mtu huyo anaijua shule kwa ile beji. Mlinzi wa lango aambiwe kwamba kijana huyu hatoki na "mjomba" yeyote, hata akija na jina lake sahihi na salamu za baba yake aliye baharini.

Kuhusu fimbo, nimefundisha miaka 19. Mtoto akipigwa kwa jambo kama hili, jambo la pili hulisikii kwake. Utalisikia kwa watu.

---

Babu_Matondoni | Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Mwanangu, pole. Simu ya kupangusa sina, mjukuu ananisomea na ananiandikia.

Sisi tulipokuwa wadogo, ukitoka Langoni hadi Mkomani unapita mabaraza, na kila baraza lina mtu mzima anayemjua baba yako. Ukifuatana na mgeni, khabari inafika nyumbani kabla yako. Huyu mtu wa simba alipita wapi hadi akafika kitandani kwa mtoto? Hakupita mbele ya mtu yeyote. Mimi nasema simu isiingie chumbani. Aitumie dakani, pale pa kuingilia nyumbani, au ukumbini, watu wakipita. Kazi ya shule haina siri, kisomo hakina siri. Na usiku ilale kwako.

---

FundiSimu_Mkomani | Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Dada, shikamoo ya mbali. Natengeneza simu Mkomani, na kwa kweli uliyoyaandika nayaona kila wiki, ila wazazi hawasemi.

Naanza na swali. Simu ilipotoka kwa baba kwenda kwa kijana, akaunti ya Google ya baba iliondolewa? Nadhani haikuondolewa, maana simu za watoto zinazofika mezani kwangu karibu zote ziko hivyo. Sasa tazama maana yake. Kijana ana miaka 11, lakini simu inamjua kama mwanamume mvuvi wa miaka 40. Duka la programu linampa vya mtu mzima, na YouTube vivyo hivyo. Mchezo ulipomuuliza umri, aliandika chochote ili mlango ufunguke.

Nasema hivi kwa sababu watu hudhani kampuni hizi hazijaweka kinga yoyote kwa watoto. Zipo, ila zinafuata tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye akaunti. TikTok, kwa mfano, haikubali chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 15 akaunti yake inafunguka ikiwa ya faragha, na hawezi kuandikiana na watu kwa ujumbe wa ndani mpaka afike 16. Tangu 2023, aliye chini ya 18 akifika dakika 60 kwa siku inamsimamisha mpaka aandike namba ya siri ndipo aendelee. WhatsApp nayo umri wake unaanzia 13, kwa hivyo kwa kanuni zao wenyewe kijana wako hakupaswa kuwa nayo. Kinga hizo zote hazimfikii mtoto ambaye kila mlango anaobisha anasema yeye ni baba yake.

Dawa yake ni kumpa akaunti yake mwenyewe, yenye umri wake wa kweli, iliyo chini yako. Programu inaitwa Family Link, ni ya Google, haina malipo. Wewe unaiweka kwenye simu yako, unamfungulia mtoto akaunti kwa jina na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha unaiingiza kwenye simu yake. Inataka simu ya mtoto iwe Android 7 au zaidi, na ya baba naamini inafika.

Lakini usifanye haraka hapa, hapa ndipo watu wanapoharibu. Akaunti ya baba lazima itoke kwanza, na itolewe kwa njia yake, ndani ya mipangilio, na paswadi ikiwa mkononi. Mkiifuta simu yote kwa nguvu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, itakapowaka itaomba paswadi ya akaunti iliyokuwamo mwanzo. Kama mwenyewe yuko Kiwayu na mtandao unakatika, mtabaki na kioo cha kujitazamia. Basi mngoje baba, au mpate kwa simu akutajie polepole. Wakati huo simu kaa nayo wewe, na hizo picha za skrini za mwalimu ziwe zimeshahamishwa.

Ikishakaa, hiki ndicho utakachoweza. Hataweka programu mpya bila ombi kuja kwako, wewe unakubali au unakataa. Unaweka masaa ya siku, na saa ya kulala simu ikijifunga yenyewe. Ikijifunga bado anaweza kupokea simu ikipigwa, kwa hivyo baba akipiga kutoka baharini ataongea naye. YouTube unachagua, ama YouTube Kids, ama YouTube ya kawaida iliyochujwa kwa umri, ngazi ya kwanza inaanzia miaka 9. Na zima ile ya video kujiendeleza yenyewe. Kijana anaanza na sura ya Mulk kwa nia njema, msomaji akimaliza inakuja video nyingine ambayo hakuna aliyeichagua.

Na hiki ndicho isichoweza, usije ukaitegemea kwa lisilo lake. Family Link haikuonyeshi ujumbe wa mtoto. WhatsApp haisomi, mazungumzo ya ndani ya mchezo haiyasomi. Ingekuwa mtu wa simba anaandika saa 10 jioni badala ya usiku, programu isingekwambia kitu. Hapo ni wewe na mwanao.

Kwa hivyo WhatsApp mimi ningeiondoa kwake kabisa mpaka afike 13. Kazi za shule mwalimu atume kwenye simu yako. Ile laini ya zamani itoe. Mchezo wenyewe, kama mtamruhusu baadaye, nyima ruhusa ya maikrofoni na ufunge mazungumzo na wasio marafiki. Na Play Store iwekee kuuliza paswadi kila ununuzi, na PIN ya M-Pesa asiijue.

Kisomo nitamwekea mimi kwenye memori, juzuu nzima, asikilize bila intaneti. Hiyo silipishi.

---

UmmuSalma_Malindi | Jumanne, saa 7:20 mchana

Dada yangu, nimesoma lile jibu la kijana nikaweka simu chini. Naandika kutoka Maweni, Malindi.

Mimi nilipokonya. Binti yangu alikuwa na miaka 13, nikakuta akiandikiana na mvulana nisiyemjua. Nikaichukua simu, nikaifungia kabatini, nikaona kazi imekwisha. Ilikaa kabatini miezi 5. Miezi 5 yote akaunti yake ilikuwa hai, anaiingia kwenye simu ya rafiki yake wakitoka chuoni, na ya pili ameifungua kwa jina lingine. Niliyajua kwa mama wa yule rafiki. Nilipomuuliza binti kwa nini hakuniambia yule mvulana alipoanza kumtishia, maana alifika kumtishia, alinijibu, "Ningekuambia nini mama, wewe ulishasema sina simu."

Sikuambii usichukue. Wako ni mdogo, chukua kwa sasa. Ila mwambie ni mpaka lini na kwa sababu gani, asione ni adhabu ya kusema ukweli. Mimi nilikosea hapo.

Na serikali yetu ifanye kama Australia. Wao tangu tarehe 10 Desemba 2025 aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Kwa nini mzigo wote uwe kwa mama anayeamka saa 10 kukanda unga?

---

Mwalimu_Hindi | Jumanne, saa 2:15 usiku

Ummu Salma, nakuunga mkono kwenye mzigo. Sheria ile ya Australia ina jambo zuri moja: haimtozi faini mzazi wala mtoto, inaitoza kampuni. Hilo na sisi tulitake.

Lakini tusitulie kwa hilo. Orodha yao ina Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, YouTube na nyingine za namna hiyo. WhatsApp haimo, na michezo ya mtandaoni haimo. Mtu huyu alimkuta mtoto mchezoni, akamhamishia WhatsApp. Angekuwa Australia angepita palepale.

Ndiyo maana naiogopa michezo kuliko wazazi wengi. Mama anaona mtoto anacheza, haoni kwamba anaongea na watu.

---

MamaVibibi_Langoni | Jumanne, saa 3:40 usiku

Mungu awalipe. Nimepiga 116 leo, waliniuliza kwa upole, nimepewa hatua za kufuata na nazifuata. Kwa mwalimu mkuu nimeshafika, mlinzi ameambiwa nikiwa nimesimama pale pale. Simu iko jikoni kwangu nyuma ya debe la unga. Nimemwambia kijana, "Hukai bila simu kwa sababu umesema. Tunamngoja baba aje na paswadi." Hakujibu, lakini alikula.

Babu, shikamoo. La dakani nimelichukua.

---

MamaVibibi_Langoni | Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 3:10 usiku

Narudi kuwapa khabari.

Baba yao alifika Jumapili. Alikuja na hasira, nikamsomea lile jibu la mwanawe kwenye picha za skrini, sikumpa kusoma mwenyewe, nilimsomea. "Baba yuko bahari mama hulala mapema." Alitoka akaenda kukaa ukutani pwani, akarudi baada ya isha. Habari ya kutupa simu baharini haikutajwa tena. Paswadi alikuwa nayo kichwani, ni siku aliyoshusha chombo chake majini.

Jumatatu alasiri fundi alikuja, tukakaa dakani wote 4. Akaunti ya baba ikatolewa. Ilipofika mahali pa tarehe ya kuzaliwa fundi akampa kijana simu aandike mwenyewe. Akaandika siku, mwezi, mwaka, akamtazama baba yake kama anayeuliza ndiyo yenyewe. Kisha simu ikaanza upya, safi, na ule mchezo haumo. Fundi alimwekea kisomo juzuu nzima. Kulala ni saa 2:30 usiku, na ikijifunga inakwenda jikoni. Siku ya kwanza alikuwa katikati ya video ya samaki, kioo kikafunga, akakaa nayo mkononi kidogo halafu akaniletea.

Ila jambo kubwa lilikuja jana, na ndilo lililonirudisha hapa. Nilikuwa nakuna nazi, akaja akakaa karibu yangu, akachukua kifuu akawa anakichezea. Akasema, "Mama, yule mtu si mimi peke yangu. Anawaandikia na fulani na fulani." Wenzake 2, wa mtaa huu huu, wanaokaa pamoja kwenye ule ukuta wa hoteli. Mmoja ana miaka 10. Wao pia wamepewa almasi.

Nilivaa buibui nikaenda usiku ule ule. Mama wa kwanza alinikaribisha, tukaitazama simu ya mtoto pamoja, na namba ya simba imo. Alinishika mikono, na leo asubuhi tumefuatana kwa afisa wa watoto. Mama wa pili hakunifungulia mlango wote. Alisema mwanawe hana tabia hizo, na mimi nitazame wa kwangu. Nimerudi nimeumia, kwa sababu yule wa miaka 10 ndiye mwanawe. Nitakwenda tena kesho na mama mkwe, yeye wanaheshimiana tangu zamani, na mama mkwe mwenyewe sasa ameelewa. Mwalimu, kama una maneno ya kumwambia mama kama huyu nisaidie, maana nikianza na "mwanao" anafunga mlango.

Na fundi, kuna la binti. Nimemuuliza kwa wema, akaniambia akaunti yake ya TikTok aliifungua akiwa na miaka 12, na akaandika amezaliwa 1998. Kwa hivyo kwao yeye ni mwanamke mzima, na ujumbe wa watu unamfikia. Naweza kukuletea simu yake kesho baada ya alasiri?

---

Mwalimu_Hindi | Alhamisi, saa 3:35 usiku

Mama, usianze na mwanawe, anza na wako. Mwonyeshe ile picha ya sare na beji, umwambie "huyu ni wangu, tazama alichoulizwa". Usitaje la mwanawe mpaka yeye mwenyewe aulize. Na akikataa tena, mwachie afisa wa watoto jina la mtaa, usimchongee mitaani.

---

FundiSimu_Mkomani | Alhamisi, saa 3:52 usiku

Kesho nipo baada ya alasiri, dada. Lakini usilete simu peke yake. Aje na binti.